Ripoti Niliyoichana Kharumwa

Walimu nimepata wengi, lakini ninayemkumbuka mpaka moyo unauma ni mama aliyenisimamia Kharumwa nilipokuwa najifunza unasihi. Jibu alikuwa hakupi. Jamani, alinikera! Nikimuuliza, "Mama, nimekosea wapi?" anacheka tu. "Ng'wanawane, mwanangu, mimi nitajuaje? Mwenye maisha yake yupo, muulize."

Nilikabidhiwa mjane mmoja. Mumewe alifukiwa na kifusi ndani ya duara, shimo la dhahabu, na mwili haukupatikana. Kila jioni mama huyo aliendelea kumpakulia ugali. Baba mkwe akasema amerukwa na akili, akataka kumnyang'anya watoto wake wawili. Wazee wa ukoo wakakubaliana wangoje ripoti yangu. Nami, kichwa kimejaa vitabu, nikaandika kwa mbwembwe: mjane anakataa ukweli, kwa sasa hafai kulea.

Msimamizi wangu aliisoma asiitie hata alama. Alimwita mjane, akamketisha kando yetu. "Mama, sisi wawili tutakuzungumzia hapa hapa, usikie. Kisha utuambie tumepotea wapi."

Loo! Kwetu mtu husemwa akiwa hayupo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini nikaisoma ripoti mbele yake.

Mjane alisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu, kwamba mume wangu amekufa najua kuliko wewe. Lakini hajazikwa, matanga hayajaanuliwa. Nikiacha kumpakulia, watoto watajuaje kuwa msiba wa baba yao haujaisha? Ule ugali wanaula wao, hautupwi."

Niliichana ile karatasi. Aibu yake ninayo hadi leo. Tukaandika upya, mjane anasema, mimi naandika, msimamizi wangu anachemsha chai utadhani hayamhusu. Siku zile zilikuwa tamu, nani atanirudishia?

Wiki iliyofuata niliwasomea wazee maneno ya mjane mwenyewe, naye ameketi mkekani na wanawe. Niliyemwogopa ni baba mkwe, mzee mkali, akikohoa tu watu wananyamaza. Nilipomaliza hakubisha. Alivua kofia yake taratibu. Nywele zilikuwa ndefu, nyeupe, zimesokotana. Na kwetu msiba ukiisha, wafiwa hunyoa.

"Hata mimi nimeshindwa kunyoa," akasema, machozi yanamtoka mbele za watu. "Watoto wabaki kwa mama yao."