Breki ya Mwalimu

Gari la shule ya udereva lilikuwa na breki mbili. Moja ilikuwa chini ya miguu ya mwanafunzi, kama gari lolote lile. Ya pili ilikuwa upande wa mwalimu, na hiyo ndiyo iliyookoa kuku, mbuzi, wapanda baiskeli wasio na idadi, na ukuta wa posta mara mbili. Mpira wa pedali yake ulikuwa umelika mpaka chuma kikaonekana. Mwalimu mwenyewe alipenda kusema kwamba kazi yake si kufundisha, kazi yake ni kukanyaga.

Wanafunzi walimwita Mzee Kioo. Si kwamba alikuwa mtanashati, la hasha. Shati lake la kazi lilikuwa na vifungo vya rangi tatu. Walimwita hivyo kwa sababu kabla ya indiketa, kabla ya gia, kabla hata ya kuvuta pumzi, ilikuwa lazima ayaone macho yako yakienda kwenye kioo. "Kioo kwanza!" Miaka thelathini na moja alilisema neno hilo. Wako madereva wa malori, watu wazima na vitambi vyao, ambao hadi leo wakitoka stendi huguna "kioo kwanza" peke yao, na wameshasahau walilitoa wapi.

Alikuwa na kipimo chake pia. Ukimuuliza lini utakuwa tayari, hakuhesabu saa ulizokaa kwenye usukani. Alihesabu mguu wake mwenyewe. Siku mguu ule utakapomaliza saa nzima bila kugusa pedali, siku hiyo anatia sahihi kwenye fomu ya kumaliza mafunzo, nawe unaruhusiwa kwenda mtihani. Bila sahihi hakuna mtihani, na bila mtihani hakuna leseni. Haikupatikana kwa kubembeleza. Shemeji yake mwenyewe alirudishwa mara tatu, akanuna mwaka mzima.

Basi siku moja akaja mkwe wake.

Tuseme aliyekuwa mkwe wake, maana mahakama ilikuwa imeshaivunja ndoa ile. Mwana wa Mzee Kioo, muuza matairi, alikuwa ameachana na mkewe bila fumanizi wala ngumi. Walichokana tu, kila mmoja akiwa na haki yake kidogo na kosa lake kidogo. Mke aliondoka na sanduku moja kwenda kutafuta kazi. Binti yao akabaki na baba yake nyumbani kwa Mzee Kioo "kwa muda tu," na muda huo ukawa mwaka na nusu.

Mtoto huyo alikuwa na miaka saba, na jina lake la nyumbani lilikuwa Trafiki. Alijipa mwenyewe. Alisimama mlango wa jikoni, mkono juu, na hakuna aliyepita na sahani bila kuonyesha leseni. Mzee Kioo alikuwa mjane wa miaka sita, mtu aliyezoea kula amesimama huku akisikiliza redio. Sasa ilimbidi akae mezani, kwa sababu Trafiki hakuruhusu mtu kula akiwa ameegesha vibaya. Tusizungushe maneno: alimpenda mtoto yule kuliko alivyowahi kumpenda mtu yeyote, na hakuwa amemwambia mtu.

Kilichobaki mahakamani kilikuwa hicho hicho: mtoto akae na nani. Mama alikuwa amepata kazi kwenye shamba la kuku nje ya mji, pamoja na nyumba ya wafanyakazi. Ofisa wa ustawi wa jamii alikwenda huko, akaona chumba, akaona kitanda kidogo kimeshatandikwa, akaandika mazuri. Kisha akaongeza sentensi moja: shule iko mbali na asubuhi hakuna usafiri wa uhakika, hivyo mama aonyeshe atamfikishaje mtoto shuleni. Mwenye shamba akasema ipo pikapu ya kusambazia mayai. Mama anaweza kumpitisha mtoto shule akiwa njiani, ila awe na leseni. Kesi ilipangwa tarehe kumi na nane ya mwezi uliofuata. Kwa hiyo mtoto na kitanda chake walikuwa wanaingoja leseni, na leseni ilikuwa inaingoja sahihi ya Mzee Kioo.

"Mjini humu shule za udereva ziko tatu," Mzee Kioo alimwambia siku ile mkwe aliposimama mbele ya meza yake. "Mbona umekuja kwangu, mama?"

"Kwa sababu wewe utaniambia ukweli, Baba. Nikiwa mbovu utasema mbovu. Nitambeba mwanangu humo. Sitaki leseni ya kuhurumiwa."

Bado alimwita Baba. Mzee Kioo akajifanya anatafuta kalamu.

Wiki ya kwanza alikuwa mbovu kweli. Aliukaba usukani kama mwizi aliyemkamata mwenyewe. Gari liliruka, likazima, likaruka tena, na mguu wa Mzee Kioo ulifanya kazi mpaka jioni akaukanda kwa maji ya moto.

"Klachi si mende, mama, usiikanyage hivyo. Iachie polepole. Polepole, kama unamvua viatu mtoto aliyelala."

Alisema bila kufikiri. Kisha yule mwanamke akaiachia klachi, na gari likaondoka bila hata kutikisika.

Kuanzia hapo mambo yakamnyookea. Akapita sokoni siku ya gulio, akazunguka mzunguko wa benki, akasimama katikati ya mlima wa hospitali na kuondoka bila kurudi nyuma hata kidogo. Njiani alikuwa anauliza. Jino lililokuwa linalegea limeshatoka? Bado analala na taa? Alimwona mtoto Jumapili tu, na maswali ya wiki nzima aliyamalizia garini. Mzee Kioo alimjibu yote, na mguu wake ukawa unakanyaga mara nne kwa saa, halafu mara mbili, halafu mara moja.

Jioni moja mwanawe akarudi mapema, akaketi karibu naye barazani, mikono yake myeusi kwa mpira wa matairi.

"Nasikia anaendesha vizuri."

"Anaendesha."

"Kesi ni tarehe kumi na nane, Baba. Ukitia sahihi tarehe ishirini, hakuna atakayekuuliza. Simwombei mabaya, na wewe sikwambii useme uongo. Chelewesha tu."

Ndani walimsikia Trafiki akimsimamisha paka na kumuuliza bima yake iko wapi.

"Akiondoka huyo," mwana akasema, "nyumba hii tutabaki mimi na wewe tunatazamana."

"Nitaona," akasema Mzee Kioo. Lilikuwa jibu la mtu ambaye ameshaona na hataki kusema alichokiona.

Kesho yake mkwe aliendesha kama aliyezaliwa na usukani mkononi. Dakika ishirini zikapita, thelathini, hamsini, na mguu wa mwalimu ulikuwa umelala tu pale chini. Wakati wanakaribia geti la shule ya udereva, zimebaki dakika tano, Mzee Kioo akaitazama saa yake. Barabara ilikuwa nyeupe, hakuna hata kuku. Aliyaona macho ya mkwe wake yakipanda kwenye kioo na kushuka. Akaisikia indiketa. Na mguu wake ukakanyaga.

Gari likasimama ghafla, wote wakatupwa mbele.

"Baba! Nimekosea nini?"

"Kioo," akasema. "Hukuangalia kioo."

Mwanamke akamtazama kitambo. Kisha akarudisha mikono kwenye usukani. "Samahani, Baba. Nitajirekebisha."

Ndani ya gari lile Mzee Kioo alishasema maneno mengi makali, na mengine hayaandikiki. Lakini uongo ulikuwa wa kwanza. Akafungua daftari akaandika "bado," na mwandiko wake mwenyewe ukamtia aibu.

Nyumbani alikuta viti viwili vimepangwa sebuleni. Trafiki alikuwa kwenye kimoja, na mfuniko wa sufuria ndio usukani. Mbele yake alikuwa ameegemeza kioo cha kunyolea cha babu yake juu ya kigoda.

"Panda, Babu. Tunaenda kwa mama."

Akapanda. Ungefanyaje?

"Kioo kwanza," Trafiki akajiambia, akaangalia. Akapiga indiketa kwa ulimi, akatia gia, akaondoka kwa mngurumo wa lori lililobeba saruji. Kwenye kona ya kabati akaongeza mwendo vibaya sana. Mzee Kioo, mtu mzima, amekaa kwenye kiti cha kulia chakula, akakandamiza sakafu kwa mguu wa kulia.

Trafiki akasimamisha gari. Akavuta breki ya mkono, krrr, akashuka, akazunguka mpaka upande wa pili, akainama kuukagua ule mguu.

"Unafanya nini hapa chini?"

"Nafunga breki."

"Wewe abiria. Abiria hana breki."

"Mimi ni mwalimu, bwana."

"Gari hili halina mwalimu. Weka mguu vizuri au ushuke."

Akauweka vizuri. Safari ikaendelea, wakavuka mto, wakapandisha mlima, na mtoto akaegesha pembeni ya kochi kwa ustadi mkubwa. "Tumefika kwa mama," akatangaza. "Ila wewe usishuke, Babu, hujaleta nguo za kulalia. Mimi nimeleta."

Kweli alikuwa amezileta. Zilikuwa zimekunjwa chini ya kiti, ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na mswaki. Mzee Kioo akacheka mpaka machozi yakamtoka, na kicheko kilipokwisha machozi yakawa bado yapo.

"Umeziweka tangu lini hizi?"

"Zinakaaga hapa," mtoto akasema.

Asubuhi alifika ofisini kabla ya mfagiaji. Akalikata neno "bado" kwa mstari mmoja, akaitoa fomu, akatia sahihi. Kisha akaenda kwa miguu hadi duka la matairi, kwa sababu habari kama hiyo hakutaka mwanawe aipate kwa mtu mwingine.

Alimkuta ameinamia karai la maji, anazungusha mpira wa ndani kutafuta tundu.

"Nimetia sahihi."

Mwana akaendelea kuuzungusha mpira mpaka mapovu yakatokea. Akaweka kidole pale pale. "Nilijua utatia," akasema. Siku tatu hakumsemesha baba yake. Siku ya nne akamletea viatu vyake vikiwa vimepigwa rangi, na hawakulizungumza tena.

Mkwe alifaulu mtihani mara ya kwanza. Askari aliyemtahini alimpigia simu Mzee Kioo kumtania: "Huyu wako anaangalia vioo mpaka nikadhani anajipodoa." Na tarehe kumi na nane hakimu akasoma uamuzi kwa sauti ya mtu mwenye mafaili mengi. Mtoto akae na mama. Kwa baba yake aende kila Ijumaa ya pili mpaka Jumapili, na nusu ya kila likizo. Mwana wa Mzee Kioo aliinamisha kichwa, akaitika kwamba ameelewa.

Jumapili asubuhi pikapu ikaja, trei tupu za mayai zimefungwa kamba nyuma. Trafiki alikuwa na begi la shule, mfuko wake wa plastiki, na kioo cha kunyolea, ambacho alikataa katakata kukiacha. Muuza matairi alimbeba mwanawe mpaka kwenye kiti, akamfunga mkanda, akauvuta kuujaribu. Kisha akaizunguka pikapu akipiga kila tairi teke. Kwenye la nyuma akachuchumaa.

"Hili limekwisha," akamwambia aliyekuwa mkewe. "Humpandishi mtoto na tairi hili. Ngoja."

Akaenda dukani, akarudi na tairi jipya, akalifunga palepale na kukaza nati moja baada ya nyingine. Yule mwanamke alisimama kando akiwa amemshikia spana. Kazi ile waliifanya vizuri pamoja.

Mkwe alipokwisha kupanda, Mzee Kioo akasogea dirishani.

"Siku ile," akasema. "Pale getini. Ulikuwa umeangalia kioo."

"Najua, Baba."

"Ulijua?"

"Niliangalia mara mbili." Akautazama usukani, kisha akamtazama yeye. "Ijumaa namleta saa kumi. Uwepo, usije ukatuweka mlangoni."

"Hakimu alisema Ijumaa ya pili."

"Hiyo ni ya baba yake. Mimi kila Ijumaa napita hapa na mayai. Nitakuwa nakuletea Trafiki wako akukague, jioni nampitia."

Mzee Kioo akataka kusema asante, ikatoka kikohozi. Akapiga bati la mlango mara mbili kwa kiganja, kama anavyomruhusu mwanafunzi kuondoka.

Macho ya mkwe yakapanda kwenye kioo. Indiketa ikalia. Klachi akaiachia polepole, na pikapu ikaondoka bila kutikisika, ikateremka kuelekea barabara kuu, kule malori yanakopita. Mwana alisimama na spana mkononi. Mzee Kioo alisimama getini, na malori yalivyokuwa yanapishana kule chini, kisigino chake cha kulia kikawa kinazama mavumbini, kinazama.

Kwenye dirisha la pikapu kioo cha kunyolea kikameta. Kikageuzwa huku na huku mpaka kikampata.

"Babu!" sauti ikaja kutoka kule mbali. "Mguu!"

Akatazama chini, akauinua.