Posa Ilivyoisubiri Baiskeli

Kwandu mke wa Ndassa alikuwa amepita miaka sitini, ana wajukuu wa kumwaga, na hajawahi kushika usukani wa baiskeli hata siku moja. Kupakiwa, amepakiwa sana. Alipakiwa na baba yake kule Shinyanga, akapakiwa na Ndassa siku aliyoolewa, na hata walipohamia Biharamulo kutafuta malisho, kile kipande cha mwisho kutoka Lusahunga alikimaliza akiwa amekaa upande kwenye keria, jogoo kampakata.

Basi Anneth, afisa maendeleo wa kata, akaanzisha mpango wa kuwaweka wazee na vijana pamoja. Kila kijana achague mzee mmoja, amfundishe kitu, naye afundishwe kitu, na Siku ya Wazee kila mmoja aonyeshe alichokipata. Wenzake Kwandu waliomba mambo ya heshima. Huyu kutuma pesa kwa simu, yule kupiga picha. Kwandu akasimama, akajifunga kitenge vizuri, akasema, "Mimi nataka baiskeli. Si kupakiwa. Kuendesha." Wazee walicheka hadi wengine wakashikana mabega.

Aliyemchagua ni Danstan, fundi baiskeli wa pale senta, kijana wa Kisubi, wenyeji wa hapo, mwenye grisi mpaka viwikoni na adabu ya kupitiliza. Shikamoo yake ilikuwa inakufikia yeye mwenyewe bado yuko mbali. Kwandu akavimba kichwa. Wazee wote wale, na bado amechaguliwa yeye! Hakujiuliza kwa nini. Angemuuliza Yuster, kitinda mimba wake, angeambiwa. Lakini nani alimuuliza Yuster?

Walifanyia mazoezi kwenye uwanja wa shule, watoto wakishatoka. Kwandu alivaa suruali ya Ndassa chini ya kitenge, na Ndassa huko nyumbani akaitafuta suruali yake mpaka chini ya vihenge. Somo la kwanza walianguka wote, mama chini, mwalimu katikati, baiskeli juu. La pili wakaangukia michongoma. Kila wakianguka Kwandu alicheka, akapangusa vumbi, akasema, "Tena!" Danstan naye alifundishwa kutengeneza michembe, kumenya viazi, kukata na kuanika, ila alivyokuwa anaonja, jua lilikuwa linakosa kazi.

Siku moja baiskeli ikanyooka. Danstan alikuwa nyuma, kashika keria, anakimbia na kuhema, na Kwandu juu anapiga pedeli, upepo unaingia kwenye masikio. Jamani, raha ile! Alipiga kelele kama msichana aliyemwagiwa maji kisimani. Alirudi nyumbani anaimba, akampa Ndassa kipande cha nyama ambacho kwa kawaida ni chake.

Jioni hiyohiyo akaja Mzee Telesfori, kofia mkononi, sauti ya chini, anakohoa kohoa. Mshenga yeyote huanza hivyo. Ametumwa na ukoo wa Danstan. Wameona ua zuri katika boma hili, ua lenyewe ni Yuster.

Ndassa akatabasamu. Yuster, aliyekuwa amejibanza nyuma ya mlango, akaziba mdomo kwa mikono miwili. Kwandu peke yake ndiye aliyeshtuka, na mshtuko wake haukuhusu ndoa. Danstan, Kwandu alimpenda, na Yuster mwenyewe alishaonekana anampenda, hapo hapakuwa na neno. Neno lilikuwa hili: posa ikikubaliwa, Danstan ni mkwe. Na mkwe na mama mkwe, kwa Wasukuma kama Kwandu, hawatazamani usoni, hawasemeshani, hawapeani mkono. Wakikutana njiani kijana anaingia porini na kugeuza mgongo hadi mama apite. Sasa mtu wa kugeuza mgongo atashikaje keria?

"Haraka haraka haina baraka," Kwandu akasema, na mshenga akarudishwa na maziwa tumboni, jibu hana.

Hapo ndipo vituko vilipoanza. Huko nyumbani hakuna mshenga anayejibiwa mama wa binti hajasema, na mama wa binti akawa bubu wa hiari. Telesfori alipokuja mara ya pili, nyumba ilikuwa haijapigwa lipu, haifai kupokea wageni. Alipokuja tena, Kwandu alikuwa ameota ndoto mbaya kuhusu mahindi. Huku uwanjani anamwambia Danstan, "Kaza mwendo, mwanangu, muda hatuna!" Na Danstan, maskini, anakimbia nyuma ya baiskeli akijua kwamba kila tone la jasho ni la mke.

Yuster alivumilia, mwishowe akamfuata mama yake jikoni, machozi yanamlenga.

"Mama, niambie ukweli. Unanipenda mimi au unapenda baiskeli?"

Kwandu akaacha mwiko ndani ya ugali. Hakuwa mtu wa kudanganya watoto wake.

"Nakupenda wewe, mayu wane, mama yangu. Ila wewe nimeshakupata. Baiskeli bado."

Wakatazamana. Yuster ndiye aliyeanza kucheka, mama akadaka, wakacheka mpaka ugali ukaungua na Ndassa akaja kuuliza kuna nini.

Lakini Telesfori alipokuja safari iliyofuata, hakukohoa. Alisema ukoo wa kijana umechoka, wazee wake wanasema kama hapa hakuna neno, watafute kwingine. Kwandu akamwona Yuster amesimama mlangoni, uso umempauka. Siku ya Wazee ilikuwa kesho kutwa. Kushuka hajafundishwa, siku zote Danstan ndiye aliyekuwa anaivuta keria mpaka isimame. Moyo ukamuuma, kweli ukamuuma. Akavuta pumzi, akapiga kigelegele kilichowaamsha kuku kwenye banda. Posa imekubaliwa.

Anneth alitaka kumpa kijana mwingine. Kwandu akakataa. "Mwalimu ninaye," akasema, "ila haangaliki."

Siku yenyewe uwanja ulijaa. Aliyejifunza simu akatuma pesa, akapigiwa makofi. Ikafika zamu ya Kwandu. Akakanyaga tofali, akapanda, akajisukuma, akayumba huku, akayumba kule. Ikanyooka! Peke yake! Hakuna mkono nyuma! Shangwe zikatoka mpaka ng'ombe huko mbali wakainua vichwa. Akazunguka uwanja mzima. Watu wakasimama kumpokea. Akawapita. Akazunguka tena, makofi yakazidi. Mama huyu anajua kuringa! Akawapita tena.

Mzunguko uliofuata, Ndassa akaanza kujikuna kidevu. Yuster akaelewa. Danstan alielewa zamani, kwa masikio tu, maana alikuwa kwenye kona ya darasa, uso ukutani, mgongo kwa uwanja, kama mila inavyotaka. Akapaza sauti kuuambia ukuta:

"Yuster! Mwambie mama abane breki ya kushoto polepole! Halafu ashushe mguu mmoja!"

Yuster akakimbia hadi kando ya uwanja. "Mama! Anasema bana breki ya kushoto polepole! Ushushe mguu mmoja!"

Kwandu akabana kidogo, kujaribu. Baiskeli ikatii, ikapunguza mwendo, ikawa mpole mkononi mwake. Akashusha mguu mmoja mpaka kandambili ikagusa vumbi. Loo! Kumbe ni hivyo tu! Akatazama watu waliomnyooshea mikono kumshusha, mumewe akiwa mbele yao. Akauinua mguu, akaachia breki.

"Yuster! Mwambie nimesikia!" akapiga ukelele akiwapita. "Mwambie ahsante! Na mwambie sitaki!"

Akaingia mzunguko mwingine, kitenge kinapepea, suruali ya Ndassa yote nje.