Kampani Mpaka Joshoni

Nilifundisha Kiingereza miaka mingi katika shule moja ya msingi huku Kabazi, na kuna neno nililipenda sana kulifundisha: company. Niliwaambia watoto lina maana nyingi, kisha nikawapa mifano ya kwetu. Kampuni ni ile babu zenu walijiunga nayo wakanunua shamba la mzungu na kugawana. Ndiyo maana mpaka leo wazee hujiita watu wa kampuni. Kampuni pia ni kikosi cha jeshi, na hapo nilimtaja mume wangu, aliyekuwa mwanajeshi kambini Gilgil. Halafu kuna ile ya kukaa na mtu ili asiwe peke yake. Hiyo ya tatu niliipitia mbio mbio. Nani hapa kwetu alikuwa peke yake? Nyumba zilijaa watu mpaka unatamani kimya.

Siku hizi ninacho hicho kimya, na nakichukia. Mume wangu alifariki, watoto wangu wote wako mjini na kazi zao, na mimi nimebaki na ng'ombe mmoja, kuku, na redio ambayo nabishana nayo. Jioni ndiyo mbaya. Ukishakamua, ukishafungia kuku, unaketi hapo unaangalia ukuta nao unakuangalia.

Aliyenisaidia kupitisha hizo saa ni jirani yangu, mjane kama mimi, mama mwenye mdomo wake na kicheko cha kusikika ng'ambo ya bonde. Kila jioni alikuja, tukanywa chai, tukawasema watu, tukawasamehe. Akiinuka kwenda, nami nainuka. Huku kwetu mgeni haachwi atoke peke yake, anasindikizwa, au kama tunavyosema, anatolewa. Mnapita geti, mnaongea pole pole mpaka kwenye josho la ng'ombe, lile la zamani ambalo sasa limejaa magugu tu. Hapo ndipo katikati ya kwake na kwangu. Lakini mkifika hapo hadithi haijaisha, kwa hivyo naye anageuka, anakurudisha kidogo. Halafu unamtoa tena. Kuna siku tulifika joshoni mara tatu, yeye akiyatukana magoti yake njia nzima.

Kumwacha mgeni atoke mlangoni peke yake ni kumfukuza bila kufungua mdomo. Hata watoto wadogo hapa wanajua hivyo. Mimi nilijua, na nikafanya.

Ilikuwa hivi. Jioni moja aliweka kikombe chini akasema, "Mwalimu, kuja tu ukae kwangu. Ile nyumba ni kubwa. Tupeane kampani."

Jameni, sijui ni nini kilinipanda. Siku hiyo nilikuwa nimengoja simu ya kifungua mimba wangu tangu asubuhi na haikuja, na yeye alijua. Niliona ananihurumia.

"Kampani ni ya vijana wa huko stejini kwa matatu," nikamwambia. "Mimi nina boma langu na nina watoto. Sijafika mahali pa kutafutiwa mtu wa kukaa naye."

"Ai, Mwalimu! Nani anakutafutia? Ni mimi nakuomba."

"Basi omba kwingine."

Alichukua kikapu chake. "Haya basi, wacha niende," akasema, akasimama. Alifika mlangoni akakaa hapo kidogo, kama mtu aliyesahau kitu. Hakuwa amesahau chochote. Alikuwa ananingoja niinuke. Mimi nikanyoosha mkono, nikaongeza sauti ya redio. Baadaye nikasikia geti likifungwa.

Kesho yake hakuja. Niliandaa vikombe viwili, nikarudisha kimoja kabatini, nikajiambia atajileta. Hakujileta. Wiki ikaisha, mwezi ukaisha. Kanisani alihamia viti vya upande ule mwingine. Mara mbili nilitoka kwenda kwake na mara zote mbili niliishia geti langu mwenyewe, kwa kiburi tu. Nilikuwa na hasira naye, halafu hasira na mimi mwenyewe, na hii ya pili ndiyo ilikataa kuisha. Nilikuwa na hamu naye, jameni. Nilitaka kitu kimoja tu: asimame tena pale mlangoni, nipate nafasi ya kuinuka.

Halafu mtu anayekuja kuchukua maziwa akaniambia magoti ya jirani yangu yamekataa kabisa, na binti yake anakuja kumchukua wakakae Nakuru.

"Lini?" nikauliza.

"Kesho asubuhi. Kwani hakukuambia, Mwalimu?"

Asubuhi nilikamua haraka, nikajaza jagi, nikaenda karibu nikimbie, na umri huu wangu. Nilikuta gari uani kwake, godoro limefungwa juu, na yeye ameshaketishwa kiti cha nyuma. Nikasimama kando ya gari na jagi mkononi.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja. Ile siku nilikosa. Nilikosa vibaya sana."

Aliangalia jagi. "Hayo maziwa ni ya nani?"

"Ni yako."

"Basi ingia, wacha kuyamwaga hapo nje."

Nikaingia. Binti yake aliniangalia kwa kioo. "Auntie, kwani unaenda Nakuru pia?"

"Siendi Nakuru. Nampa mama yako kampani mpaka kwa lami."

Jirani yangu alicheka kile kicheko chake, na gari zima likajaa. Kisha akanishika mkono, akaushikilia. Ile barabara ni mbovu, na bado ilikuwa fupi.

Tulipofika kwa lami nikashuka. Nikawaambia waende salama, nikageuka haraka ili wasinione nikilia. Sikuwa nimefika mbali niliposikia mlango wa gari. Alikuwa ametoa mguu mmoja, halafu wa pili, halafu fimbo.

"Mami! Unaenda wapi na hayo magoti?"

"Nyamaza wewe. Mgeni wangu anaenda."

Alinifikia, akanishika mkono, tukaanza kutembea kurudi upande wa Kabazi. Hatua sita. Nilizihesabu. Alikuwa anapumua kwa nguvu na uso wake ulikuwa umekunjamana kwa maumivu, lakini alitembea. Kisha akasimama.

"Mimi nitakuachia hapa, Mwalimu," akasema. "Sasa nitoe."

Nikamtoa. Hatua sita zile zile mpaka garini, nikamwinulia mguu mmoja mmoja, nikamfungia mlango. Gari likaondoka na jagi langu.

Kutoka kwa lami mpaka kwangu ni mwendo wa karibu saa nzima. Nilipita kwake, geti limetiwa kufuli. Nilipofika joshoni miguu ilisimama yenyewe, kwa mazoea, na nikakaa hapo kitambo nikingoja mtu ageuke, anirudishe kidogo.