Jogoo wa Kocha

Mume wangu ana ugonjwa mmoja ambao hospitali zote za Dallas hazina dawa yake: hawezi kumuaga shangazi yake. Anaendesha lori mpaka California na kurudi, anabishana na bosi wake kwa Kiingereza, lakini mbele ya yule mama anakuwa mtoto wa darasa la pili. Ndiye aliyemlea kambini Kigoma walipokimbia Burundi, kwa hiyo namwelewa. Kumwelewa hakukunizuia kukasirika Jumapili ile.

Ilikuwa mwaka 2018, wakati wa maua. Binti yetu alikuwa na miaka kumi na miwili, golikipa wa akiba kwenye timu ya watoto ya hoki ya barafu, huko kwetu Plano, pembeni mwa Dallas. Usiniulize mtoto wa Mrundi na mama wa Tanga alifikaje kwenye barafu. Alialikwa sherehe ya kuzaliwa ya mwenzake, akavaa viatu vya vyuma, basi, tukawa wazazi wa hoki. Golikipa wa akiba kazi yake ni kuvaa. Anavaa magodoro ya miguuni, ngao ya kifua, glavu kubwa kama mito ya kochi na kofia yenye nondo usoni, halafu anakaa benchi mpaka mechi iishe, anavua. Msimu mzima alivaa na kuvua. Hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililokuwa likiniuma.

Mashindano ya kufunga msimu yalikuwa Houston, Jumamosi na Jumapili. Kocha, kijana mpole mwenye ndevu, alimwahidi kwamba mechi ya Jumapili ingekuwa yake. Sharti lilikuwa lile la watoto wote: uwe uwanjani saa nane, saa moja kabla ya mchezo. Anayechelewa hachezi.

Jumamosi alikaa benchi kama kawaida. Jumapili asubuhi baba mtu akasema, "Tupite kwa Shangazi mara moja, tumsalimie tu. Tutafikaje Houston tusimwone?"

Shangazi anaishi mashambani, magharibi ya Houston, mwendo wa zaidi ya saa moja. Nikasema twende baada ya mechi. Akasema baada ya mechi ni kuianza njia ya kurudi Dallas, kesho yake kazi. Kweli. Nikakubali, mradi saa sita tuwe barabarani.

Njia ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Watu walikuwa wameegesha magari kando, wanawapiga watoto picha katikati ya maua ya bluu. Mashine za kuvuta mafuta ardhini zilikuwa zinainama na kuinuka mashambani peke yake. Mume wangu alipunguza mwendo kila alipoona ng'ombe, akasikitika kwamba wamenona hivyo na hakuna anayewaita kwa majina. Binti hakutazama nje. Alikuwa na kile kisahani cheusi wanachochezea, anakirusha na kukidaka.

Tulipofika, mbuzi alikuwa ameshachinjwa. Mtu akishakuchinjia mbuzi, huwezi kumwambia umepita kusalimia tu. Nyama ikiwa bado motoni, Shangazi akatutembeza: mabanda, bwawa la jirani, mpaka kanisa dogo la mbao anakosali, lenye dari lililochorwa majani na nyota. Ufunguo ulikuwa kwa jirani, na jirani alikuwa na maneno mengi. Kanisa ni zuri sana. Nililitazama kama mtu anavyotazama picha za ukutani kwa daktari wa meno.

"Baba, saa," binti alimnong'oneza baba yake.

Baba akaitikia kwa kichwa. Akamgeukia Shangazi, akakohoa, akasema, "Shangazi, hivi yule beberu ulimnunua wapi?"

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke. Mimi ni mkwe pale, nyumba si yangu, wa kuomba njia ni yeye. Tulikaa mezani, sahani zikajazwa, nikampiga teke chini ya meza, akasogeza mguu.

Mwishowe binti akaweka kijiko chini. Nyumbani ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Siku ile alisema polepole, neno moja moja: "Bibi, naomba ruhusa. Nina mechi. Nikichelewa sichezi."

Shangazi akashika mdomo. "Mechi? Leo? Na nyinyi watu wazima mmekaa hapa mnanitazama?"

Hakutuaga. Alijifunga kitenge, akaenda bandani, akarudi na jogoo mwekundu ndani ya boksi, akaingia kwenye gari letu. Mtoto wake wa kiume yuko Houston, alisema, atamrudisha. "Mtoto nimemchelewesha mimi. Nitamwomba radhi mwalimu wake mwenyewe."

Tulifika saa nane imepita zamani. Kocha alikuwa mlangoni mwa chumba cha kuvalia. Shangazi akamnyooshea boksi kwa mikono miwili.

"Mwalimu, kosa si la mtoto. Nilimzuia kwangu kwa chakula. Pokea jogoo huyu, umsamehe, acheze."

Binti akatafsiri. Kocha akapokea boksi, jogoo akapiga kelele, kocha akawa mwekundu mpaka masikioni. Akamwambia binti kwa Kiingereza, kwa upole kabisa, kwamba bibi yake amemgusa moyo, lakini jana alimketisha mwenzake benchi kwa kosa hilohilo, na leo hawezi kupindisha sheria. Mimi na mume wangu tulisikia kila neno.

"Amesemaje?" Shangazi akauliza.

Binti akachukua begi lake. "Amekusamehe, Bibi. Anasema nikavae."

Akaenda kuvaa.

Tukaketi jukwaani, Shangazi kajifunika blanketi langu. Timu zilipoingia kwenye barafu akanyoosha kidole golini. "Wetu ni yule mwenye manguo mengi?"

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anatazama viatu vyake. "Ndiyo, Shangazi," akasema.

Basi Shangazi akapiga vigelegele. Kila yule golikipa alipodaka, yeye vigelegele, mpaka wazazi wengine wakaanza kumsubiri na kumpigia makofi. Binti yetu alikuwa benchi, kavaa vilevile, kofia usoni, hakugeuka hata mara moja. Nililia kidogo, nikasingizia baridi. Timu ilishinda.

Baada ya mechi kocha alinivuta pembeni, boksi likiwa bado kwapani, akaniuliza jogoo anakula nini. Nikamwambia mahindi.

Halafu binti akatoka, begi mgongoni. Shangazi akamkumbatia, akampapasa nywele, akatugeukia kwa fahari.

"Mechi nzima kasimama golini, na hata jasho hajatoka! Huyu ni damu yetu."

"Asante, Bibi," binti akasema. "Nilikusikia."