Mikono Yangu Ilibaki Mapajani

Ulikuwa mwaka wa mihogo. Unga wa sima haushikiki, mchele tunauona shughulini tu. Kwetu Mji wa Kale tulikula muhogo wa kuchemsha asubuhi na wa nazi jioni, hata wajukuu wangu wakapenda ghafla kwenda Bondeni kumwamkia shangazi yao, kwa kuwa kwake kulikuwa na chapati.

Mwaka kama huo, harusi ya jirani ndiyo siku ya kushiba. Na pilau ya harusi haipikwi bila sufuria kubwa. Zetu ni za chama cha akina mama wa mtaa, tulizinunua sote kwa ajili ya harusi na misiba. Zilikaa kwa mwenyekiti, ufunguo kiunoni mwake.

Mjukuu wangu wa kike anasomea uongozi chuoni karibu na Buxton, na nitajisifu naye mpaka nife. Aliniuliza kiongozi mbaya hutoka wapi. Nikamwambia, wetu tulimpika wenyewe. Kila mkutano, mtu akifungua mdomo kuuliza, mwenyekiti huinua mikono: "Al-Fatiha." Nasi sote mikono juu. Fatiha ikishasomwa mkutano umekwisha, nani atasema tena? Hata uchaguzi aliufunga hivyo hivyo, mwaka baada ya mwaka. Sisi tukaita adabu. Ulikuwa woga uliofukizwa udi.

Siku moja jirani yangu, mjane, aliwahi kuuliza kabla mikono haijapanda: mbona sufuria zimekwenda Shimanzi kwenye karamu ya matajiri wa malori, na mtaani kuna msiba? Mwenyekiti akainua mikono. Lakini binti yake alipofika kuolewa, sufuria akanyimwa.

Tulikutana Jumatano, harusi ni Ijumaa. Mwenyekiti akasema, "Aniombe radhi mbele yenu, nitampa."

Mjane akaanza kuinuka. Nikamvuta buibui, akakaa, nami nikamgeukia mwenyekiti.

"Mtu haombi radhi kwa kuuliza. Toa sufuria."

"Bibi, umri umekupanda kichwani."

"Na wewe umekupanda ufunguo, mwanangu."

Wenzetu wakacheka chini ya leso zao. Yeye akainua mikono mbio. "Al-Fatiha!"

Fatiha naijua tangu sijang'oka meno ya utotoni. Naipenda, ndiyo maana sikukubali igeuzwe kufuli. Mikono yangu ilibaki mapajani. Shoga yangu wa kushoto akanitazama, akashusha yake. Kisha mwengine, na mwengine. Mwisho ikabaki juu mikono ya mtu mmoja tu, naye hajui aiweke wapi.

Siku hizi ufunguo unahama nyumba kila mwaka, na dua tunaisoma maswali yakishakwisha. Hayo yalikuja baadaye. Siku ile mwenyekiti alininong'oneza tu, kwa sauti ya kubembeleza, "Basi aniombe kidogo, bibi, nisiaibike."

Nami sikunong'ona.

"Mtu haombi radhi kwa kuuliza. Toa sufuria."