Pua ya Mama Amongin

Kabla ya kuwa mpishi wa shule moja karibu na Malaba, Mama Amongin alipika pombe miaka ishirini, akaacha alipookoka. Mwaka 1974, waragi, pombe kali ya Uganda, ilipozidi kuvuka mpaka hadi mabwenini, mwalimu mkuu alimwongezea kazi: kila Jumatatu wanafunzi walipanga foleni, wakampumulia usoni, naye akasema nani amekunywa. Mwalimu Ikapel, aliyeandika majina, hakuwahi kumwona akikosea.

Jumatatu moja ikafika zamu ya Nusura, binti wa mwenye duka mjini Busia. Alikuwa akiyumba, na pumzi yake tamu ilimfikia Ikapel pale mezani.

"Huyu amelewa," Ikapel alisema, akishika kalamu. "Afukuzwe."

"Ngoja, mwalimu." Mama Amongin alimvuta msichana karibu, akafumba macho, akanusa tena. "Hii si waragi wala busaa. Inanukia ndizi iliyoiva ikapitiliza. Mwanangu, unakunywa maji sana?"

"Sana, mama. Kiu haiishi."

"Pombe naijua mimi. Huyu ni mgonjwa. Mpelekeni hospitali sasa hivi!"

Ikapel alimpeleka kwa gari la shule. Daktari alipima mkojo, akasema ni kisukari kikali, ndicho kilichoipa pumzi harufu ile, na kwamba wangechelewa hadi jioni wangemzika.

Aliporudi, Ikapel alikwenda moja kwa moja jikoni. Mama Amongin alikuwa akisonga ugali. Mwalimu alivua kofia, akasimama mlangoni kama aliyeingia kanisani.

"Mtoto je?" mama aliuliza.

"Yuko hai, mama. Yuko hai."