Rangi ya Kucha ya Fundi Redio

Fundi redio wa hapa Rahaleo ana vidole vinene, lakini waya anaushika kama anamtoa mtoto mwiba. Mume wangu alipohamia kwa mke mdogo alibeba hadi kitanda, akaniachia amplifaya bubu na spika zake. Fundi ameifufua, akaiongezea kifaa cha kupokea muziki kutoka kwenye simu. Kwa kuwa sijui kusoma, amepaka matundu na nyaya rangi ya kucha, nyekundu kwa nyekundu, halafu akazichomoa zote.

“Unganisha mwenyewe, mama. Siku ikizima, usihangaike kumwita mwanaume.”

“Nikiiunguza je?”

“Kwani si yako?”

Akanigeuzia mgongo. Nilikosea, nikarudia. Taarabu ilipolia hakugeuka, ila mabega yake yalianza kucheza.